Mchezo Mmoja au Mingi? Swali Aliloniuliza Baba

Mwishoni mwa Januari, siku chache kabla ya muhula wa kwanza kuanza, Baba alinipigia simu usiku. Si kawaida yake, kwa kuwa saa hizo huwa bado yuko barabarani na bodaboda. Alikuwa na habari njema ambayo ilimtia wasiwasi. Shule moja ya bweni ilikuwa imemwona mdogo wangu akicheza kandanda katika mashindano ya shule za msingi, na sasa ilikuwa tayari kumpokea kidato cha kwanza kwa nusu ya karo. Masharti yalikuwa mawili: afanye mazoezi hata wakati wa likizo, na asishiriki mchezo mwingine wowote.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 13. Anapenda kandanda, lakini pia hukimbia, hucheza voliboli, na jioni huwezi kumtoa mtoni. Baba akaniuliza, “Binti yangu, wewe ndiwe uliyepitia huko. Tukubali?”

Nilimwomba siku tatu. Insha hii ni yale niliyoyafikiri katika siku hizo tatu, kwa sababu niligundua kwamba swali la Baba halikuwa la michezo tu. Lilikuwa swali la haki: je, ni halali kumfungia mtoto milango mingi ili kumfungulia mmoja? Na ni nani aliye na haki ya kuifunga?

Kwanza nieleze nilikopitia. Nilikuwa na miaka 14 na mrefu kuliko wasichana wote wa kidato changu. Nilikuwa nikiruka juu, nikicheza voliboli na netiboli, na sikujua ni upi ninaoupenda zaidi. Kisha shule nyingine ikanichukua kwa ajili ya netiboli, nami nikapunguziwa karo kwa nusu. Mwalimu wa michezo aliniita siku ya kwanza akaniambia niache mengine yote. Alisema, “Njia mbili zilimshinda fisi.” Nilikubali. Nani angekataa? Nyumbani tulikuwa watoto watano.

Tulifanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni, siku sita kwa wiki. Mfungaji wa netiboli huruka na kutua mara nyingi, tena sheria ya hatua humlazimisha asimame ghafla akiwa na mpira mkononi. Nilipofika kidato cha tatu, sehemu iliyo chini kidogo ya goti langu la kulia ilivimba na kuuma. Muuguzi wa shule alinipa dawa ya kupaka. Sikumwambia mtu ukubwa wa maumivu, kwa maana goti lile ndilo lililokuwa likilipa karo. Miezi minne baadaye daktari alinieleza kwamba wakati wa kukua, pale kano linaposhikana na mfupa wa muundi huwa bado pachanga, na kuruka kwingi hupavuta mpaka paumie. Alisema dawa kubwa ni kupumzika.

Nilipumzika. Muhula uliofuata nusu ile ya karo ikaondolewa. Ili nimalize mwaka, Mama aliuza kahawa yetu ikiwa bado maua. Msomaji asiyetoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon huenda asielewe maana yake. Mchuuzi huja shambani miti ikiwa imechanua, anahesabu, anakupa pesa leo kwa bei ya chini sana, na mavuno yanakuwa yake. Unatatua shida ya leo kwa kuuza kitu ambacho bado hakijawa kitu.

Baada ya kusema hayo, sitaki kumdanganya msomaji kwamba hoja zote ziko upande mmoja. Wanaotetea mchezo mmoja wana mambo mazito ya kusema.

La kwanza ni karo. Bila netiboli nisingesoma miaka ile miwili katika shule yenye maabara na maktaba. La pili ni kwamba kuna furaha inayopatikana kwa kuzama tu. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kujua, mpira ukiwa bado hewani, kama utaingia ndani ya pete au utagonga chuma. Anayeonja kila kitu hapati kitu hicho. Nilikuwa na rafiki aliyecheza michezo minne. Katika yote minne alikuwa mchezaji wa akiba, na aliondoka shuleni akiwa na viatu vingi na bila hata medali moja. La tatu ni kwamba ipo michezo, kama jimnastiki, ambayo mtu hufikia kilele chake akiwa kijana sana. Huko anayesubiri amechelewa.

Hata hivyo, hoja hizi zinahitaji kupimwa.

Tuanze na fisi wa mwalimu wangu. Ngano inasema alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, akatia miguu huku na huku mpaka akapasuka. Tukiichunguza vizuri, kosa lake halikuwa kutaka nyama mbili. Kosa lake lilikuwa kuzifuata njia mbili kwa wakati mmoja. Angefuata moja, akarudi, akafuata ya pili, angejua ni ipi yenye nyama. Mwanafunzi anayekimbia katika msimu wa riadha na kucheza kandanda katika msimu wa kandanda hajapasuka popote. Anatafuta njia yake.

Hoja ya kwamba anayeanza mapema hufika mbali nayo si mpya, na wala shaka juu yake si mpya. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba katika orodha ya washindi wa Olimpiki ya Wagiriki ni wawili au watatu tu waliowahi kushinda wakiwa wavulana na kisha wakashinda tena wakiwa watu wazima. Sababu aliyoitoa ni kwamba mazoezi makali ya utotoni yalikuwa yamekwisha kuimaliza nguvu yao. Siku hizi chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kijana asijifunge kwenye mchezo mmoja kabla ya kufikia miaka 15 au 16 hivi, na kila wiki apate siku moja au mbili za kupumzika. Laiti mtu angelimwonyesha mwalimu wangu ushauri huo. Au angelinionyesha mimi.

Karibu na kwetu tunaye Joshua Cheptegei, aliyezaliwa Kapchorwa mwaka 1996. Akiwa mwanafunzi alicheza kandanda na kushiriki miruko kabla ya kutambua kwamba kipaji chake kiko katika mbio ndefu. Mwaka 2020 alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, kisha ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Akashinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo, na nyingine Paris mwaka 2024. Najua mfano mmoja si ushahidi. Wapo mabingwa waliokimbia tu tangu utotoni. Lakini mfano mmoja unatosha kuvunja neno “lazima”. Kama shule ingemfunga kwenye kandanda akiwa na miaka 13, labda tungepata mchezaji mmoja zaidi wa ligi, na tusingejua kamwe tumepoteza nini.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha swali. Mwanafalsafa Joel Feinberg, katika makala ya mwaka 1980, alieleza kwamba mtoto ana haki ambazo bado hawezi kuzitumia, na kazi ya wazee ni kumwekea akiba mpaka akue. Haki hizo kwa pamoja aliziita haki ya kuwa na mustakabali ulio wazi. Mzazi hana budi kumchagulia mtoto mambo mengi: chakula, shule, lugha. Lakini uchaguzi wake ukimaliza chaguzi zote za baadaye, amekula akiba ambayo si yake.

Sikuhitaji kwenda mbali kuitafuta fikra hiyo. Sisi Wagisu tuna imbalu, tohara ya vijana. Kwa desturi, kijana ndiye anayetangaza mwenyewe kwamba yuko tayari. Sisemi hakuna shinikizo, lipo, na wakati mwingine kubwa. Lakini hata shinikizo hilo linakiri jambo moja: kwamba mwili ni wake, na neno la mwisho linapaswa kutoka kinywani mwake akiwa amekua. Sasa inakuwaje jamii inayosubiri neno la kijana katika jambo hilo isiulize neno la mtoto wa miaka 13 anapotakiwa kuuweka mwili wake rehani kwa miaka sita?

Natumia neno rehani kwa makusudi. Tunauita mpango huu ufadhili, lakini mfadhili wa kweli hakuachi unapougua. Kama karo inapungua maadamu goti ni zima, basi ile ni biashara. Biashara si dhambi, mradi pande zote zijue wanachouza na wanachonunua. Shule inanunua vikombe. Mtoto anauza nini? Hajui, kwa kuwa kile anachokiuza bado hakijakomaa. Ni kahawa ikiwa maua.

Pingamizi kubwa kuliko yote alilitoa rafiki yangu wa chuoni nilipomweleza haya. Aliniambia, “Unaongea kama mtoto wa tajiri. Mustakabali ulio wazi ni wa wenye pesa. Mdogo wako asipopata nusu ile ya karo, hatakuwa na michezo mitatu wala mmoja. Atakuwa na jembe.” Nilikaa kimya kwa muda mrefu, maana alisema kweli. Roger Federer alicheza michezo mingi utotoni kabla ya kuchagua tenisi, lakini hakuna aliyekuwa akimsubiri na risiti ya karo.

Usiku wa pili ndipo nilipopata jibu ninaloliamini. Umaskini wetu unaeleza kwa nini tunakubali masharti; hauwezi kuyafanya masharti yenyewe yawe ya haki. Mchuuzi wa maua ya kahawa naye huwa anasaidia. Bila yeye nisingemaliza mwaka ule. Lakini hakuna anayesema bei yake ni ya haki kwa sababu tu tulikuwa na shida. Basi lawama isimwangukie mzazi anayekubali, wala mtoto anayenyamaza. Imwangukie yule mwenye nguvu ya kubadilisha masharti na asiyabadilishe. Na ukiuliza kwa upole, wakati mwingine hubadilisha.

Siku ya tatu, kabla ya kumpigia Baba, nilikumbuka kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza. Nikampigia Mama, nikamwomba ampe mdogo wangu simu. Nilimuuliza kama anataka kwenda shule ile. Alisema anataka, tena sana. Nikamweleza yale masharti. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Dada, nikiumia, Mama atauza kahawa tena?”

Alikuwa na miaka minane wakati ule. Sikujua kwamba alielewa.

Nilimshauri Baba asikatae, na asikubali hivihivi. Aende kwa mwalimu mkuu, avae shati lake la kanisani, aombe mambo matatu na ayaombe yaandikwe: mtoto aruhusiwe kukimbia msimu wa riadha angalau mpaka kidato cha pili, apewe likizo moja kamili ya kupumzika kila mwaka, na akiumia, punguzo la karo lisiondolewe kabla ya mwaka kwisha. Na kama akifika kidato cha tatu akasema mwenyewe kwamba kandanda ndiyo njia yake, basi azame kwa moyo wote, na sisi tutamshangilia.

Shule ilikubali mambo mawili. La kukimbia lilikuwa rahisi. Kocha alisema litamwongezea kasi. La kuumia lilimchukua mwalimu mkuu nusu saa, kwa maelezo ya Baba, lakini aliandika na kupiga mhuri. La likizo walikataa. Baba akatia sahihi.

Sijui kama tulifanya vema. Huenda mtu mwenye msimamo mkali kuliko wangu angesema nusu ya haki si haki, na huenda mwalimu wangu wa zamani angesema tumemlea fisi mwingine. Ninachojua ni kwamba safari hii masharti yaliulizwa kabla ya kutiwa sahihi, na mtoto mwenyewe aliulizwa pia, ingawa alikuwa wa mwisho kuulizwa na alipaswa kuwa wa kwanza. Baba ameikunja karatasi ile na kuiweka pamoja na hati ya shamba la kahawa. Mwaka huu, tukijaliwa, kahawa itavunwa ikiwa nyekundu.