MWENDO WA WATOTO

Somo: Mwanzo 33:12–14



Habari ya Yakobo na Esau kukutana yajulikana na wengi wetu, maana hata watoto wa shule ya Jumapili huisimulia. Lakini mwisho wake liko neno dogo, nalo husomwa upesi na kusahauliwa. Ndugu hao wamekwisha kukumbatiana, wamekwisha kulia, wamekwisha kupatana. Ndipo Esau ataka waondoke wote, wafuatane njia moja. Yeye anao watu 400, wenye nguvu, waliozoea safari. Yakobo akataa kwa adabu. Amweleza ndugu yake ya kuwa anao watoto wachanga, na katika kundi wamo wanyama wanyonyeshao. Wakikimbizwa hata siku moja, wataangamia. Basi Esau na atangulie. Yeye Yakobo atafuata taratibu, akipima hatua zake kwa hatua za watoto.

Twaomba neno hilo tulishike leo: mwendo wa watoto.

Sisi wa Kigwa twajua habari za safari, kwa kuwa njia yetu ni ya kale. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali, ikaja Tura na Rubuga, kisha Kigwa, ndipo ikaingia Unyanyembe. Mbele alikwenda kirangozi, wala hapana mpagazi aliyepewa ruhusa ya kumtangulia. Wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walisafiri na wake zao na watoto, hata miguu midogo nayo ilikanyaga njia hii. Lakini njia hiyo hiyo iliona na safari nyingine, ya watumwa waliofungwa minyororo. Na humo aliyeshindwa kwenda, mkubwa kwa mdogo, aliachwa porini. Basi njia yetu imeijua miendo miwili: mwendo wa mwenye nguvu, na mwendo wa Yakobo.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na siku za wapagazi zikapita. Leo iko lami. Malori, mabasi na pikipiki huenda na kurudi mchana na usiku, na kando yake watoto wetu huenda shule kwa miguu. Swali ni lile lile la zamani: Mwendo wa njia hii hupimwa na nani?

Yatupasa kuungama kabla ya kuonya. Asubuhi moja tulikuwa ndani ya motokaa, tukienda Tabora katika mkutano wa kanisa. Tulikuwa tumechelewa, kwa uzembe wetu wenyewe. Dereva alikuwa kijana mtulivu; sisi ndio tuliomwambia, "Kaza mwendo kidogo, mwanangu, wazee wanangoja." Naye akatutii, kwa kuwa tu wakubwa wake. Tulipofika karibu na shule, penye alama ya pembetatu yenye picha ya watoto, hakupunguza, nasi hatukumwambia neno. Watoto wenye mashati meupe walikuwa wakienda ukingoni, wengine wamechukua mifagio, wengine madumu ya maji. Ghafula mmoja, apata miaka 7, akauponyoka mkono wa dada yake, akakimbilia ng'ambo, kwa sababu rafiki yake alimwita. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Motokaa ikasimama, na kati yake na mtoto palibaki nafasi ya urefu wa fimbo. Mtoto akatutazama, akaanza kulia. Dumu lake lilikuwa limeanguka, na maji yanamwagika juu ya lami.

Sisi tukasema kwa sauti, "Bwana ametulinda." Ni kweli, alimlinda mtoto yule. Lakini usiku neno lile lilitunyima usingizi, maana tulilitumia kama nguo ya kufunikia aibu. Shetani alipomsimamisha Bwana wetu juu ya hekalu, alimshawishi ajitupe chini, ili malaika wamdake. Naye Bwana akakataa kumjaribu Mungu. Sisi hatukujitupa wenyewe. Tulimtupa mtoto wa mtu mwingine, kisha tukamshukuru Mungu kwa kumdaka.

Pengine msomaji atasema, "Motokaa yangu ina breki njema, na macho yangu ni mazuri." Haya, na tuhesabu pamoja. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Iendayo kilomita 50 hupita mita 14. Iendayo kilomita 30 hupita mita 8. Na sekunde moja hivi hupita tangu jicho kuona hatari hata mguu kushika breki. Baada ya hapo ndipo magurudumu huanza kushikwa. Katika barabara kavu, mwenye mwendo wa 30 atasimama katika mita 14 hivi. Mwenye 50 atahitaji kama mita 28. Mwenye 80 atahitaji karibu mita 60. Mvua ikinyesha, au lori likijaa mzigo, umbali huongezeka.

Tazameni basi. Mtoto akitokea mita 14 mbele ya dereva, yule wa 30 atasimama miguuni pake. Yule wa 50 atakuwa amemfikia kabla mguu wake haujagusa breki. Macho yao ni sawa, breki zao ni sawa, na huenda wote wawili ni Wakristo wenye kusali kila asubuhi. Iliyo tofauti ni miendo yao tu.

Wala tusimlaumu mtoto. Mtoto mdogo hajaweza kupima upesi wa motokaa kwa macho wala kwa sauti. Kimo chake humficha nyuma ya majani na nyuma ya lori lililosimama. Akiitwa na rafiki, au akiufuata mpira, huisahau barabara. Huo si ukaidi, ndio utoto. Na Mungu ndiye aliyemwumba hivyo. Asiyeweza asidaiwe, adaiwe yule awezaye.

Torati yatoa mfano wake. Katika Kutoka 21 twasoma habari za ng'ombe apigaye watu pembe. Akimwua mtu mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Bali kama ng'ombe alijulikana kuwa mkali, na mwenyewe alikwisha kuonywa, asimfunge, damu ni juu yake. Ndugu, motokaa ndiyo ng'ombe wetu, na pikipiki vilevile. Nasi tumekwisha kuonywa: na alama za njiani, na matuta, na maziko tuliyoyahudhuria. Watoto wetu wa kipaimara hufundishwa ya kuwa Amri ya Tano haikatazi kisu na mkuki tu. Yatutaka pia tuulinde mwili wa jirani. Tukimfundisha kijana hayo siku ya Jumamosi, kisha Jumatatu tukampita shuleni kwake kama mshale, amesikia mahubiri gani?

Tena iko sheria ya nchi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaagiza mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na palipowekwa alama ya mwendo mdogo zaidi, hiyo ndiyo ya kufuatwa. Yamwagiza dereva kumpisha aendaye kwa miguu katika kivuko. Lakini sisi tumeigeuza sheria kuwa mchezo wa paka na panya. Madereva wakikutana njiani huwashiana taa, kuambiana ya kuwa mbele yuko askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Hapo kila mguu huinuka. Akiisha kupitwa askari, mguu hurudi. Tumejifunza kuonyana habari za faini. Ni nani amwonyaye mwenzake habari za mtoto? Mtume Paulo, katika Warumi 13, ataka tutii si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa ajili ya dhamiri. Askari hayupo kila siku. Mtoto yupo kila siku ya shule.

Msidhani ya kuwa jambo hili ni dogo, au ni la Kigwa peke yake. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2023 ya kuwa ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 katika mwaka 2021, nazo ndizo zinazoongoza kuua walio kati ya miaka 5 na 29. Februari 2020 wajumbe wa mataifa walikutana Stockholm, nchi ya Uswidi, wakatoa neno ya kuwa mahali watu wa miguu na magari wachanganyikapo, mwendo usizidi kilomita 30. Na katika Dar es Salaam shirika la Amend limetengeneza njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule, hata kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Basi inawezekana.

Nasi Watanzania tusisahau tarehe 6 Mei 2017, gari la shule lilipoanguka bondeni huko Rhotia, Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Hatuneni juu ya chanzo chake. Twanena juu ya machozi yetu. Nchi nzima ililia. Machozi hayo yakikauka pasipo kubadili miguu yetu, yametufaa nini?

Kwa hiyo twawasihi. Wewe dereva, uionapo alama ya watoto, shuka hata kilomita 30, kama watoto wapo au hawapo machoni pako. Wala usimpite aliyesimama mbele ya kivuko. Wewe kijana wa bodaboda, usipite ukingoni, maana ndio ujia wa watoto. Wewe abiria, usimharakishe dereva kama sisi tulivyofanya, na akikimbia penye shule, mwambie kwa upole, "Mwanangu, pole, hapa pana watoto." Ninyi wazazi, wafundisheni kusimama, kutazama kuume na kushoto, na kumshika mdogo mkono. Nanyi walimu wa dini, semeni neno hili ibadani shule zifunguliwapo, na wazee wa usharika na wakae na wenye serikali ya kijiji, wafikiri juu ya kivuko na matuta.

Yakobo alichelewa kufika kwa sababu ya watoto, wala Mungu hakumhesabia kuchelewa huko kuwa hasara. Tangu asubuhi ile sisi nasi twatoka nyumbani nusu saa mapema. Na tupitapo penye shule ile hutazama kama yupo mtoto mwenye dumu.

Ee Bwana, uliyewaita watoto waje kwako, utupe miguu mizito karibu nao na mioyo myepesi kukutii. Amin.