Ya Kuuza ama ya Kukaa Nayo?

Kuna swali ambalo mafundi wa bodi huuliza ukiwapelekea gari la zamani lenye sakafu iliyooza. Nimelisikia Grogan, nimelisikia Kariobangi Light Industries. Fundi anainama, anachungulia chini, anadunga bati mara mbili tatu kwa bisibisi, kisha anainuka akijipangusa mikono na kusema, "Hii ni ya kuuza ama ya kukaa nayo?" Bei inakuja baada ya jibu, si kabla.

Halisemwi kwa kunong'ona. Linaulizwa kwa sauti ileile ambayo muuza chipsi hukuuliza kama ni za kula hapa ama za kubeba. Wenye magari nao hujibu bila aibu. Mimi ndiye ninayebaki nalo kichwani, kwa sababu kila nikilipindua naona linauliza jambo moja: tuna deni gani kwa mtu ambaye hatujawahi kumwona na huenda tusimwone kamwe?

Nichukue Beetle, kwa sababu ndilo gari ninalolijua. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na hapa Nairobi bado utayaona, mengine yamepakwa rangi ya samawati ya kupendeza mno. Chini ya hiyo samawati kuna sakafu ya vipande viwili, kushoto na kulia. Katikati kuna mfereji wa chuma uliofunikwa, kama uti wa mgongo, ambamo hupita nyaya na fimbo ya gia. Reli za viti vya mbele zimeshikwa kwenye hiyo sakafu na huo uti wa mgongo. Yaani unapoendesha, mwili wako wote umekalia bati ambalo pengine lina umri mkubwa kuliko wako. Likioza vya kutosha, siku ya ajali kiti hakina kitu cha kukishikilia.

Na linaoza kutoka juu, si kutoka chini kama watu wanavyodhani. Raba za madirisha zikizeeka, maji ya mvua yanaingia na kulala chini ya zulia, chini ya yale mazulia ya lami yaliyowekwa kiwandani kupunguza kelele. Betri nayo iko chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake ikivuja inatua palepale. Kutu ikianza huvimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inainua rangi na kufungulia maji njia mpya. Unaweza kukaa miaka mitatu ukisikia harufu ya unyevu tu, halafu siku moja unaweka kisigino chini na kisigino kinaendelea kwenda.

Sasa, kazi ya kukaa nayo. Viti vinatoka, zulia linatoka, lami ya zamani inabanduliwa kwa patasi. Brashi ya waya, kisha bisibisi tena, na kila mahali panapotoboka panakatwa. Hapa ndipo mteja hushtuka, kwa sababu tundu la ukubwa wa kiganja huishia kuwa la ukubwa wa sinia. Fundi mzuri hakati alipoona kutu, anakata mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa. Anapima kwa kadibodi, anakata bati jipya lenye unene unaokaribiana na la kwanza, analichomelea kwa nukta nukta, huku na kule, ili joto lisilipinde. Bati la paa halifai. Ni jepesi, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi unaompa fundi homa usiku. (Wengi hunywa maziwa kujikinga. Nimewauliza maziwa yanapitaje tumboni yakafika mapafuni, wakanicheka.) Vishimo vya kutu vilivyobaki vinapakwa asidi ya fosforiki. Kisha praima yenye zinki, kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Kisha gundi ya kuziba maungio, kisha rangi, na mwisho andasili, ile rangi nzito nyeusi ya lami. Siku kadhaa za kazi, na pesa ambazo zingelipa nyumba.

Kazi ya kuuza ni fupi. Kiraka kinalazwa juu ya tundu bila kukata kilichooza pembeni, kinashikwa kwa nukta chache za moto au kwa riveti. Pasipoweza hata kushika moto, panajazwa fila. Kisha andasili ileile nyeusi, juu na chini, kisha zulia jipya. Jioni moja imetosha. Kati ya kiraka na bati la zamani kutu inaendelea kula gizani, na sasa maji yamepata pa kujificha hata pazuri zaidi.

Ukiyalaza magari haya mawili ubavu kwa ubavu, ukiyainua kwa jeki na kumulika tochi, yote mawili ni meusi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko kiraka chenyewe. Kitu kinacholinda na kitu kinachoficha ni kopo moja, brashi moja, harufu moja.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na mengi ya darasa la falsafa yaliondoka na karo. Lakini ile stori ya pete ilibaki. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia kuhusu mchungaji wa Lydia aliyepata pete ambayo akigeuza kito chake kwa ndani haonekani. Kwa pete hiyo akamlala malkia, akamuua mfalme, akachukua ufalme. Glaucon anauliza: mtu mwema akipewa pete kama hiyo, kwa nini aendelee kuwa mwema? Darasani tulibishana kana kwamba pete ni kitu cha hadithi. Kumbe inauzwa kwa lita kwenye duka la rangi.

Ila mfano wa Plato haunitoshi. Yule mchungaji anafanya mabaya yake na watu wa wakati wake. Mfalme anauawa siku ileile na kila mtu anaona maiti. Sakafu ni tofauti. Uovu wake ni wa polepole, unakuja misimu miwili ya mvua baadaye, au mitano, kwa mmiliki wa tatu, labda akiwa na mtoto kiti cha nyuma. Wakati huo fundi ameshahama karakana na muuzaji amebadilisha laini ya simu. Hakuna hata wa kumchukia. Swali la Glaucon linamhusu mtenda, ati moyo wake utakuwaje. Mimi namwaza yule anayesafiri kuelekea kwenye tundu bila kujua.

Nilimwambia fundi mmoja haya, mzee ambaye kazi yake ya kukaa nayo ni safi kuliko nyingine yoyote niliyoiona. Hakukasirika.

"Kijana, nani ananilipa?"

"Mwenye gari, mzee."

"Na anataka nini?"

"Liuzike."

"Sasa? Mimi ni polisi? Mnunuzi ana macho. Alete fundi wake, ainue zulia, adunge. Mbona hamdungi?"

Ana hoja, na ni hoja ya zamani. Biashara nyingi duniani zimesimama juu ya wazo kwamba mnunuzi ajihadhari. Akaongeza nyingine iliyo nzito zaidi: kama angekataa kila kazi ya kuuza, wateja wangetembea hatua thelathini hadi kwa jirani yake, na yeye angebaki na wema wake na vijana wanne wa kulipa Jumamosi. Tena wateja wengi hawana pesa ya kazi nzuri. Wakiambiwa ni kazi kamili au hakuna, wataendesha na tundu.

Hapo nilikubali sehemu. Kiraka duni si dhambi. Mtu ana gari moja, ana mvua inaingia, ana elfu chache, anawekewa kiraka na anajua ni kiraka. Anajua asiweke mzigo upande ule, anajua arudi kukitazama baada ya mwaka. Ujuzi wa ubovu uko kichwani mwake na gari liko chini yake, viwili hivyo vinatembea pamoja. Shida ni siku ya mauzo. Siku hiyo gari linaenda na ujuzi unabaki.

Lakini hoja ya macho siikubali. Huwezi kumwambia mtu "una macho" baada ya kulipa mtu mwingine ayazibe. Kama kiraka kingeachwa wazi, kibaya, chenye nukta za moto kama makovu, ningesema sawa, mnunuzi ajihadhari. Andasili na zulia vimekuja kazi moja tu, kuhakikisha kwamba kujihadhari hakumsaidii.

Mwaka jana mjomba wangu aliamua kuuza Beetle lake la 1972. Binamu yangu yuko kidato cha tatu na karo ilikuwa imefika pale ambapo mtu anaanza kuangalia vitu vya nyumbani kwa jicho la bei. Fundi akauliza swali lake, mjomba akajibu, "Ya kuuza." Upande wa kushoto ulikuwa na nafuu, ukafanywa vizuri. Upande wa betri ulikuwa umeoza kama biskuti kwenye chai. Ukawekewa kiraka.

Mimi ndiye mwandishi wa familia, maana yake ndiye ninayeandika matangazo. Nilikuwa nimepiga picha sakafu kabla ya lami, pande zote mbili. Nikamuuliza niandike nini kuhusu sakafu.

"Andika sakafu imefanywa."

Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu kwenye simu. Imefanywa. Halina uongo ndani yake, limefanywa hata risiti ipo. Nimeandika matangazo mengi ya kulipwa, najua maneno ya aina hii. Ni andasili ya lugha, yanapakwa juu ya ukweli bila kuuvunja. Nilimwambia sitaandika hilo, nitaweka picha zote au asitafute sakafu kwenye tangazo langu.

Alinijibu kitu ambacho sikukitarajia. "Unajua mimi niliuziwaje hii gari? Chini kulikuwa na fila, unene wa kidole. Nani aliniwekea picha?" Hakuwa akijitetea. Alikuwa akinieleza kanuni: kila mtu anapitisha alichopokea, na yeye ndiye mjinga atakayekubali mnyororo ukatikie mkononi mwake? Karo ya nani?

Tangazo likaenda bila neno lolote la sakafu. Wawili wakapiga simu, mjomba akawaambia gari ni safi. Wa tatu, katika kuongea ongea, akatokea kuwa mtoto wa mtu aliyefanya kazi naye zamani. Sauti ya mjomba ilibadilika palepale, nilikuwa nimekaa kando yake. Yule kijana alipokuja Jumapili, mjomba mwenyewe aliinua zulia. Akamwonyesha kiraka, akamwonyesha picha kwenye simu yangu, akamwambia upande huu utakufa, weka pesa kando. Bei ikashuka vibaya. Binamu yangu alikaa nyumbani wiki moja na nusu kabla salio la karo halijapatikana, na mjomba aliniangalia wiki hiyo yote kana kwamba mimi ndimi niliyeinua zulia.

Watu wa familia husimulia kisa hiki kumsifu. Mimi kinanikaa vibaya. Angekuja yule wa kwanza au wa pili, zulia lingebaki chini. Gari lilikuwa lilelile, kiraka kilekile, hatari ileile. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alipata baba. Kama uaminifu wetu unaanza pale tu mtu anapopata jina la ukoo tunalolijua, basi katika jiji la mamilioni ya watu wasiojuana karibu kila sakafu ni ya kuuza. Na simlaumu sana mjomba. Sijui mtu mwenye karo mlangoni anapaswa kupata wapi sura ya mtu ambaye hajazaliwa kwenye simu yake.

Labda ndiyo maana nimeanza kupendelea suluhisho za vitu badala ya za mioyo. Kuna nta za kuzuia kutu, nyingine za mafuta ya sufu ya kondoo, ambazo zinapakwa juu ya rangi na kwenye mifereji ya ndani na hazifichi. Ukimulika tochi unaona kila nukta ya moto, kiraka kiko wapi, kutu imerudi wapi. Lami ikizeeka hupasuka na kushika maji kati yake na chuma bila mtu kuona, nta inabaki laini na ukiikwaruza unapaka tena. Inalinda na kuonyesha kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikudhani kopo linaweza kufanya.

Nilimpelekea yule fundi mzee habari hizo nikiwa na furaha ya mtu aliyetatua jambo. Alipaka kidogo kwenye kipande cha bati, akakitundika karakana, wiki iliyofuata akanionyesha: kilikuwa kimejaa vumbi la barabara, kahawia, kinanata. "Mteja akiona hii," akasema, "atadhani sijafanya chochote."