Lango na Mwenye Ufunguo

Je, lango lenye king'ora humzuia mwizi wa vitabu? Najibu: kwa sehemu. Hunasa utepe wa sumaku uliofichwa kitabuni, likamshtua msahaulifu na mwenye tamaa ya ghafla. Lakini ukurasa uliokatwa kwa wembe hauna utepe, hupita kimya.

Tena, lango humtazama mgeni. Katika Maktaba ya Carnegie mjini Pittsburgh, Marekani, ukaguzi wa mwaka 2017 ulifichua kupotea kwa vitabu adimu, ramani na picha za thamani ya takriban dola milioni 8. Aliyekiri kosa mwaka 2020 alikuwa mtunzaji wa chumba kile kile, aliyeiba kwa zaidi ya miaka 20. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sisemi lango ling'olewe. Kumwondolea mtu kishawishi ni kumtendea wema. Ninachokataa ni kudhani kwamba lango limetumalizia kazi. Rafu zihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja, na mwenye ufunguo akaguliwe bila kuonewa haya. Msomaji naye asitazamwe kama mtuhumiwa, maana mali ile ni yake.