Shimo la Nguzo na Majaliwa

Fundi wa umeme akifia juu ya nguzo, msibani husemwa maneno mawili: ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. Kwa mjane hayo ni maneno ya faraja, na asitokee mtu wa kumnyang'anya. Tatizo huanza pale yanapotoka matangani yakaingia ofisini, yakakaa mdomoni mwa msimamizi aliyelipeleka gengi lile saiti. Hapo faraja imegeuka utetezi. Na kila anayeamini majaliwa anapaswa kujiuliza: je, imani kwamba siku ya mtu imeshaandikwa inampunguzia msimamizi wajibu? Naona inamwongezea.

Tuitazame kazi yenyewe. Laini ya kilovolti 33 inayokwenda kijijini imeharibiwa na upepo. Fundi anafungua fyuzi kule inakoanzia, na gengi zima linajua kwamba laini imekufa. Lakini kijijini kuna duka lenye jenereta iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia. Umeme ukikatika, mwenye duka anaiwasha. Mkondo unarudi kwa waya uleule ulioleta umeme dukani mpaka kwenye transfoma, na transfoma haichagui upande. Ile inayoshusha volti 33,000 kuwa 400 inaweza pia kuzipandisha, na laini iliyokufa ikafufuka mikononi mwa fundi. Ndiyo maana utaratibu hauishii kwenye fyuzi. Laini hupimwa kwanza kuthibitisha kwamba haina umeme, kisha nyaya zake zote huunganishwa pamoja na kufungwa ethi ardhini, upande huu na upande ule wa mahali pa kazi. Msimamizi hajui jenereta iko nyumba gani, wala kama ipo. Ethi inafungwa kwa sababu hiyohiyo, kwamba hajui. Kuifunga ni kukiri kwamba ghaibu si yake. Anayeiruka akisema Mungu ndiye ajuaye, kwa kitendo chake amedai kujua: amejihakikishia kwamba huko mbele ya laini hakuna kitu.

Dini zetu hazikuliacha jambo hili hewani. Khalifa Umar bin al-Khattab alifika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, alimhoji: anaikimbia kadari ya Mungu? Jibu la Umar, kwa maana yake, lilikuwa kwamba anatoka kwenye kadari moja ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Ukilitafakari jibu hilo, tahadhari nayo imo ndani ya kile kilichoandikwa. Msimamizi hawezi kusema kifo kilipangwa na ethi haikupangwa.

Torati inakwenda karibu zaidi na kazi ya gengi. Kutoka 21:33–34 inamtaka aliyechimba shimo akaliacha bila kulifunika amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia humo. Haiulizi kama alimkusudia punda yule. Mafakihi wa Kiislamu nao wameijadili kesi ya kisima kilichochimbwa njiani, wakimtofautisha aliyechimba kwenye ardhi yake na aliyechimba kwenye njia ya watu, mwenye ruhusa na asiye nayo. Shimo la nguzo ya mita 9 huenda chini kama mita moja na nusu. Likichimbwa jioni kando ya njia ya watoto wa shule, nguzo ikasubiri lori la kesho, shimo hilo linalala wazi. Mtu atasema mradi una kibali na ni wa manufaa ya umma. Ni kweli, ila kilichoruhusiwa ni kuchimba. Hakuna aliyetoa ruhusa ya kuliacha bila mbao juu na bila utepe.

Wapo watakaosema mfanyakazi ni mtu mzima, akivua kofia ngumu ni juu yake. Hoja hii ina uzito kwa fundi mwenye cheti na ajira. Kwa kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya siku hiyo ina uzito mdogo sana, maana akikataa kushuka kwenye mtaro wenye kingo zinazomomonyoka, kesho haitwi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, zaidi ukilowa, na ukimfunika mtu hadi kifuani humzuia kupumua hata kama kichwa kiko nje. Aliyeiona mvua ya usiku na bado akawaamuru watu washuke asubuhi bila kuzikagua kingo hawezi kumtupia lawama aliyetii.

Pingamizi gumu zaidi ni la muda. Zahanati iko gizani, mama anajifungua kwa tochi, na kila saa ya kupima na kufunga ethi ni saa ya giza. Hili silipuuzi, kuchelewa nako kunaweza kuua. Lakini giza la zahanati linaweza kupunguzwa kwa njia nyingine wakati kazi ikiendelea, kwa jenereta iliyounganishwa vizuri au taa za sola. Fundi aliye juu ya nguzo hana njia nyingine ya kujikinga. Na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuilipia saa hiyo kwa uhai wake.

Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaotokana na sheria ya mwaka 2008, hulipa bila kutafuta kwanza kosa ni la nani. Ni utaratibu wa huruma, kwa sababu mjane hapaswi kusubiri kesi. Ila malipo hayo hayajibu swali la deni mbele ya Mungu, na deni hilo haliishii kwa msimamizi peke yake. Yeye anawajibika kwa kile alichoweza kukikagua na kwa kazi aliyoweza kuisimamisha. Aliyeipanga bei ya zabuni bila kutenga fedha ya seti ya pili ya ethi, kisha akapiga simu kila jioni kuuliza nguzo ngapi zimesimama, naye aitwe kwenye uchunguzi, aulizwe maswali yaleyale.