Nani Hulipia Kicheko Chetu?

Mtu atokapo kutazama sinema huulizwa swali moja tu: "Ilikuwaje?" Naye hujibu kwa neno moja au mawili: ilikuwa nzuri, ilichekesha, haikuwa na maana. Jibu hilo halimgharimu kitu. Hakusomea utengenezaji wa filamu, wala hajui kamera iliwekwa wapi na kwa sababu gani. Aliketi, akatazama, akacheka au akasinzia, kisha akarudi kwake. Huyu ndiye mtazamaji wa kawaida, na wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, tumo katika kundi lake. Wapo wataalamu wanaomdharau kwa kuwa hana elimu ya kazi anayoihukumu. Mimi simdharau. Mla mkate hahitaji kuwa mwokaji ndipo ajue kwamba mkate umeungua. Lakini liko swali moja ambalo hata mtazamaji wa kawaida hana budi kujiuliza kabla ya kutoa maoni yake, na swali hilo halihitaji utaalamu wowote: nilipocheka, ni nani aliyelipa gharama ya kicheko changu?

Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii twaifundisha darasani kama onyo dhidi ya ubinafsi. Naona kwamba yafaa pia kuwa kipimo cha filamu. Kila kichekesho kina mkuki wake, na yuko anayechomwa ili sisi tufurahi. Tofauti kati ya kichekesho chema na kiovu haimo katika ukali wa mkuki, bali katika kujua nani amechomwa, na kama alikubali kuchomwa.

Tuanze na katuni, kwa kuwa ndizo watoto wetu huzitazama kwanza. Paka Tom na panya Jerry walibuniwa na William Hanna na Joseph Barbera huko Marekani mwaka 1940, na kufikia mwaka 1958 mabwana hao walikuwa wametengeneza filamu fupi 114 za wanyama hao, saba kati yake zikapata tuzo ya Oscar. Ndani ya filamu hizo Tom hupigwa kwa nyundo, hulipuliwa kwa baruti, hubanwa mlangoni akawa mwembamba kama karatasi, na meno yake hupukutika kama vipande vya kigae. Mzazi mwenye wasiwasi huuliza: je, si ukatili huu tunaowafundisha watoto?

Swali hilo ni la haki. Lakini tutazame kinachofuata baada ya kila pigo. Paka huinuka. Hujikung'uta vumbi, na katika mandhari inayofuata yu mzima, tayari kwa vita vipya. Hakuna kaburi, hakuna kilema, hakuna yatima. Mkuki umerushwa, lakini aliyechomwa ni wino tu. Watoto wengi hulifahamu jambo hili mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto yule yule anayecheka Tom akibanwa mlangoni hunyamaza kimya Mufasa anapoanguka katika The Lion King ya mwaka 1994, kwa sababu simba yule haamki tena, na mwanawe hujaribu kumwamsha asiweze. Simba huyo naye ni wino vilevile. Kwa hiyo mtoto hatenganishi tu mchoro na kiumbe hai. Hutenganisha maumivu ya mchezo na maumivu yaachayo pengo. Kicheko anachomcheka Tom ni kicheko cha aina ya kwanza: hakuna anayekilipia.

Hata hivyo, katika filamu hizo hizo mna mkuki wa pili, ambao wengi wetu tuliutazama bila kuuona. Katika nyumba anamoishi Tom, mwanamke anayeonekana mara kwa mara kati ya mwaka 1940 na mwaka 1952 ni mtumishi mweusi. Sauti yake aghalabu ilitolewa na mwigizaji Mmarekani mweusi, Lillian Randolph. Uso wake karibu hauonekani kamwe. Twaona miguu, viatu vya nyumbani, aproni na ufagio. Twacheka apandapo juu ya kigoda akipiga mayowe kwa sababu ya panya. Huyu pia ni mchoro, lakini nyuma yake walikuwako wanawake wa kweli, waliokuwa wakisugua sakafu za kweli kwa ujira mdogo, katika nchi iliyokuwa ikiwanyima haki zao. Paka hana ndugu nje ya pazia. Mwanamke yule anao. Katika miaka ya 1960, filamu hizo zilipotayarishwa kwa ajili ya televisheni, baadhi yake zilichorwa upya, na mahali pa mtumishi mweusi akawekwa mwanamke mweupe mwenye lafudhi ya Kiayalandi. Watengenezaji walidhani wameuondoa mkuki. Kwa hakika waliuhamisha tu, maana mtumishi wa Kiayalandi naye alikuwa amekwisha kuwa mzaha wa siku nyingi katika nchi hiyo. Jambo hili latufundisha kwamba kubadili anayechomwa si sawa na kuacha kuchoma.

Aina ya pili ya kicheko ni ile ambayo mchekeshaji hujilipia mwenyewe. Charles Chaplin alizaliwa mwaka 1889, akakulia London katika ufukara mkubwa, hata akapelekwa utotoni katika nyumba ya kuwahifadhi maskini. Katika Modern Times ya mwaka 1936, filamu aliyoitunga, akaiongoza na kuiigiza yeye mwenyewe, twamwona akiwa kibarua wa kiwandani, akikaza skrubu kutwa kucha hata mikono yake haiwezi kuacha mwendo ule. Kisha hufungwa katika mashine iliyobuniwa ili kumlisha mfanyakazi pasipo kusimamisha kazi. Mashine hiyo huharibika, ikampiga usoni kwa muhindi na kummwagia supu. Twacheka mpaka mbavu zauma. Lakini aliyefungwa katika mashine ile ni yeye aliyeitunga, na umaskini anaoucheka aliujua kwa tumbo lake. Ametuita kuja kucheka nyumbani kwake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi watoka Wakaliga, mjini Kampala. Isaac Nabwana na wenzake walitoa mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana, na baadaye ikatazamwa katika pande nyingi za dunia. Juu ya picha husikika sauti ya VJ, yaani yule msimulizi ambaye katika vibanda vya video vya Uganda alizoea kushika kipaza sauti na kuieleza filamu ya kigeni kwa Kiluganda huku ikiendelea. Kenya na Tanzania nako wako wanaofanya hivyo kwa Kiswahili, ingawa siku hizi sauti zao aghalabu hurekodiwa mapema. Katika filamu hii ya Wakaliga, VJ huwatania mashujaa, huusifu mji wake, na huicheka filamu yenyewe kabla hatujapata nafasi ya kuicheka. Hapo pana somo la maadili. Mgeni aliye mbali, atazamapo helikopta ya kubandikwa na damu ya rangi, aweza kucheka kwa namna mbili. Aweza kucheka pamoja na VJ, ambaye amemwalika. Au aweza kuucheka ufukara wa waliokosa fedha, na hapo atakuwa amekaribishwa sebuleni akaenda kupekua chumba cha kulala. Sauti ya vicheko hivi viwili ni moja. Ni mwenye kucheka tu ajuaye ametoa kipi.

Aina ya tatu ndiyo nzito zaidi, na hapa sina budi kujishitaki mwenyewe. Mwaka 1980 Jamie Uys wa Afrika Kusini alitoa The Gods Must Be Crazy, hadithi ya chupa ya soda inayodondoshwa kutoka katika ndege na kuwaangukia watu wa Kalahari, ikaleta ugomvi kati yao, mpaka mmoja wao akafunga safari ya kwenda kuitupa mwishoni mwa dunia. Nilicheka. Nilicheka sana. Msimulizi wa filamu hiyo atuambia kwa sauti ya upole kwamba watu hawa hawajui umilikaji, wala sheria, wala mabaya ya dunia. Mhusika mkuu aliigizwa na N!xau, mtu wa jamii ya Wajuǀʼhoan wa nchi ambayo leo ni Namibia.

Baadaye sana nilipata kuona filamu nyingine ya mwaka huo huo wa 1980, iliyotengenezwa na John Marshall juu ya maisha ya mwanamke mmoja wa jamii hiyo, aitwaye N!ai. Humo mwaonekana Tsumkwe, makazi ambako watu walikuwa wamekusanywa wakaacha maisha ya kuwinda, wakitegemea posho ya chakula, wakisumbuliwa na maradhi na ugomvi, na vijana wao wakiandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo. Humo humo waonekana pia watengenezaji wa filamu ya Uys wakiwa kazini, wakiwaelekeza watu wale wale waigize usafi wa moyo wa watu wasioijua dunia. Kamera mbili, watu wale wale. Moja yasema hawajui fedha wala askari, nyingine yaonyesha fedha na askari vimekwisha kuwavuruga. Mwamba ngoma huvutia kwake. N!xau alipata malipo madogo mno yakilinganishwa na faida ya filamu hiyo. Na ilipotengenezwa ya pili, iliyotolewa mwaka 1989, alidai malipo makubwa zaidi akayapata. Hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba yule "asiyejua fedha" alikuwa akijua kuhesabu. Alifariki mwaka 2003.

Je, nilitenda dhambi nilipocheka? Sidhani. Aliyepewa sumu katika asali halaumiwi kwa kuonja utamu. Lakini akikwisha kuambiwa kwamba mna sumu, naye akaendelea kuisifu asali mbele ya watoto, hapo lawama yaanza. Wala ukweli haunilazimishi kusema kwamba filamu yote ni mbaya. Ndani yake yumo mtafiti mweupe mwenye haya, asiyeweza kusema na mwanamke bila kuangusha vitu, na gari lake lisilo na breki huishia kuning'inia mtini. Kicheko hicho sikitubii hata leo. Filamu moja yaweza kuwa na mikuki miwili, na mtazamaji mwaminifu huitenga mmoja na mwingine, badala ya kusifu vyote au kutupa vyote.

Mtu atauliza: je, basi tusimcheke yeyote ila yule aliyekubali? La. Ipo aina ya nne. Katika Xala, filamu ya Ousmane Sembène wa Senegali ya mwaka 1975, tajiri El Hadji huoa mke wa tatu, kisha hupatwa na laana ya kukosa nguvu za kiume. Gari lake hunyweshwa maji ya chupa kutoka Ulaya, na ombaomba hufukuzwa mjini kwa kuwa humuudhi machoni. Huyu hakuombwa ruhusa, na wenye vyeo kama yeye hawakufurahi: wakaguzi wa serikali waliikata filamu kabla ya kuonyeshwa nchini humo. Kicheko hiki hulipwa na mwenye deni. Na hata hapo Sembène hatuachi tustarehe. Mwishoni ombaomba humvua tajiri nguo na kumtemea mate mbele ya mke wake wa kwanza na watoto wake, naye husimama kimya. Kicheko hutukwama kooni. Twaona kwamba hata mwenye deni ana ngozi.

Yako mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba sinema ni mchezo tu, na kuuliza maswali haya ni kuwaharibia watu starehe. Lakini mzaha mzaha hutunga usaha. Watu wengi duniani hawatamwona Mjuǀʼhoan hata mmoja maishani mwao, na picha moja ya kuchekesha ndiyo elimu yao yote juu ya jamii nzima. La pili ni kwamba mtazamaji wa kawaida hawezi kujua yaliyofanyika nyuma ya kamera. Hilo ni kweli. Hatakiwi kujua yote. Anatakiwa asikatae kujua. Maoni yake ya kwanza ni haki yake, lakini maoni yasiyobadilika baada ya ushahidi kufika si maoni tena, ni ukaidi.

Ndugu walimu, wanafunzi wetu leo hutazama filamu nyingi kuliko vitabu wanavyosoma, nasi hatuwezi kusimama mlangoni na kuwachagulia. Tunaloweza ni kuwazoeza kujibu vizuri zaidi lile swali la "Ilikuwaje?" Mwanafunzi akisema "Ilichekesha," tusimkemee, wala tusimwachie hapo. Tumwulize kwa upole: ulimcheka nani? Aliinuka baada ya kuanguka? Yeye mwenyewe alicheka? Na kama ni ndugu yako aliyewekwa pale, ungecheka? Akijibu kwa kweli, hata kama jibu lake ni kwamba angecheka tu, amekwisha kuanza kuhukumu kama mtu mzima. Nami, nikiulizwa tena juu ya ile chupa iliyodondoka Kalahari, sitasema sikucheka. Nitasema nilicheka, kisha nitamtaja N!xau kwa jina lake.