Ua Linalofunguka Watu Wakilala

Wapendwa, wiki hii nina swali moja: jambo jema likifanyika na hakuna aliyelipigia makofi, je, limepotea bure?

Chuoni nilisomea biashara. Huko tulifundishwa kwamba bidhaa isiyoonekana haiuziki, kwa hivyo weka duka mahali watu wanapita. Kwa duka, ushauri huo ni sawa kabisa. Shida inaanza tukiutumia kupima wema.

Hebu tuangalie mmea mmoja wa nyika kavu za magharibi mwa Marekani, kule Nevada na Utah. Wataalamu wanauita Oenothera caespitosa. Ni mfupi sana, majani yake yamelala chini kwenye changarawe. Mchana ungeupita tu. Lakini jua likizama, maua yake meupe yanafunguka, upana hata sentimita 8, na kunukia vizuri. Kesho yake jua likiwaka, ua lile limesinyaa na kugeuka rangi ya waridi. Kazi yake ilikuwa ya usiku mmoja.

Mtu wa hesabu atasema hiyo ni hasara: uzuri wote huo, na wateja wamelala! Lakini si wote wamelala. Kuna nondo wakubwa wanaoruka saa hizo, wenye ulimi mrefu wa kufikia utamu ulio ndani kabisa ya ua. Wanakunywa, wanabeba chavua hadi ua lingine, na mbegu zinapatikana. Hilo ua halikuulizi kama umeliona. Limefunguka saa ile anayelihitaji yuko njiani.

Sasa mfikirie dada anayeamka saa nane usiku kumgeuza mama mkwe aliyepooza. Jina lake halisomwi kama la aliyetoa pesa nyingi kwenye harambee. Je, amefanya kidogo? Muulize yule mama aliyegeuzwa.

Lakini tusikimbilie kumwambia, "Vumilia tu, thawabu yako iko mbinguni," halafu twende zetu kulala. Ua linakauka kesho yake, ila mmea wenyewe unaishi miaka mingi kwa sababu mzizi wake uko hai. Mtu anayetoa kila usiku naye ana mzizi, na huo mzizi hukauka usipopata maji.

Kwa hivyo ndugu yangu, makofi si lazima. Mpigie simu, umwambie, "Leo usiku lala, zamu ni yangu."