Adabu na Uso wa Kuazima

Jamii yetu huupima utu wa mtu kwa salamu kabla ya kuupima kwa matendo. Apitaye hapa Goba asubuhi bila ya kumwamkia mzee aliyeketi kibarazani huitwa mwenye kiburi. Basi na tujiulize: mtu aliyezaliwa na usonji, ambaye kuulizana habari humchosha na makelele humwumiza masikio, je, ana wajibu wa kujifunza uso usio wake ili apendwe?

Usonji si laana wala maradhi ya kuambukiza. Ni maumbile ya ubongo. Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, na miongoni mwa dalili zinazotajwa na waganga wa Magharibi ni kutomtazama mtu machoni. Hapa yafaa tutue kidogo. Kwetu mtoto amkaziaye macho mkubwa wake ndiye tunayemkemea. Ainamishaye uso husifiwa. Kwa hiyo kilicho dalili Ulaya chaweza kupita kwetu kama adabu, hasa kwa msichana. Mtihani wake huja mahali pengine: katika mkono usioachiliwa, katika utani, katika "habari za nyumbani" ambazo jibu lake ni "nzuri" hata palipo na mgonjwa. Ajibuye kweli huchekwa.

Wapo wajifunzao. Hukariri salamu, huiga kicheko cha jirani, huizuia mikono isitikisike. Hupata marafiki, hupata kazi, na hatuwezi kulidharau jambo hilo, maana upweke ni adhabu kubwa. Lakini katika utafiti wa Laura Hull na wenzake, uliochapwa mwaka 2017, wenye usonji waliojificha hivyo walieleza uchovu mwingi na kujiona wamezipoteza nafsi zao.

Watasema wengine kwamba sote huvaa nyuso. Ni kweli, sisi tuliokaa ofisini twalijua hilo. Bali karani huuvua uso wake jioni. Mwenye usonji afikapo nyumbani huwakuta wageni sebuleni, na mama anamwita aje kuwaamkia.

Kwa maoni yetu afundishwe shikamoo, neno moja lifungualo milango mingi, asidaiwe kicheko. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi, lakini haifiki kibarazani. Huko ni juu yetu. Msibani zipo kazi za kimya: kuteka maji, kupanga viti, kuandika daftari la rambirambi. Apewe mojawapo, kisha aruhusiwe kwenda zake mapema bila ya kusemwa.